Mkwe kutoka Poti

Kijiko kilikuwa kimelazwa kando ya sahani ya Tedo, kikimeremeta, na mezani hapakuwa na kijiko kingine chochote.

Shorena alikiona kabla hata hajavuta kiti, na moyo ukampiga paa, maana alimjua aliyekiweka. Bibi yake, Bibi Lamzira, hakuwa mtu wa kusahau kijiko wala kukizidisha. Katika nyumba ile, na katika Megrelia nzima, huku magharibi mwa Georgia, ghomi huliwa kwa mkono. Unamega ugali ule mweupe usiotiwa chumvi ungali unafuka, unaupitisha kwenye jibini iliyochomekwa ndani ikayeyuka, unachovya kwenye mchuzi wa kokwa za jozi, unatia kinywani. Mwenye kuomba kijiko ni mtu wa mbali. Na Bibi Lamzira alikuwa ameapa kwamba mjukuu wake haolewi na mtu wa mbali, hata jua lichomoze magharibi.

"Keti hapo, mwanangu," bibi alimwambia Tedo, akimwonyesha kiti kilichoelekea dirishani. "Hapo penye mwanga. Macho yangu yamezeeka, nataka nikuone unavyokula."

Macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Asubuhi ile ile alikuwa amemwona kuku wa jirani akichungulia uani kwake kutoka ng'ambo ya barabara, akamfokea.

Tedo aliketi. Mwili wake mkubwa uliijaza nafasi yote kati ya mjomba Bondo na ukuta. Akakitazama kijiko. Shorena, upande wa pili wa meza, akazuia pumzi. Tedo akakiokota, akakigeuzageuza, kisha akamgeukia Nanuli, mke wa mjomba.

"Anti, kuna mtoto humu ndani?"

"Hakuna, baba. Kwani vipi?"

"Naona kijiko chake kimeletwa kwangu."

Mjomba Bondo akaangua kicheko, akaipiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikalia. Bibi Lamzira hakucheka, ila alinyoosha mkono, akakichukua kijiko, akakitia mfukoni mwa aproni yake. Tedo akakunja mkono wa shati, akamega tonge, akala. Ghomi ilikuwa ya moto wa kuunguza. Shorena aliliona jasho likimchomoza kwenye paji la uso, na yale macho yake ya kahawia yakamtafuta yeye kwa nukta moja tu, yakiuliza: nimepatia? Alitamani ainuke amfute jasho lile kwa mkono wake, mbele ya watu wote. Badala yake akainamia sahani.

Alikuwa amepatia. Na hilo ndilo lililomkosesha Shorena raha.

Kisa chote kilianzia kwenye simu. Bibi alimpigia akiwa kazini, kwenye duka la dawa huko Tbilisi, wateja wamepanga mstari mpaka mlangoni.

"Nasikia una mtu," bibi alisema, bila hata salamu.

"Nani kakwambia?"

"Upepo. Ni wa wapi?"

Mtu mwenye akili zake angejibu kweli: anaitwa Tedo Natroshvili, fundi wa lifti, Mkakheti wa Wakakheti, mtu wa mashariki kabisa ya Georgia. Angejibu hivyo, halafu angeiweka simu mbali na sikio mpaka kelele ziishe. Lakini Shorena alikuwa anampenda Tedo kwa namna iliyomtia woga, na mwenye woga hujibu haraka.

"Wetu, Bibi. Anaitwa Shonia. Marehemu baba yake alikuwa wa Poti, akahamia Tbilisi zamani. Ndiyo maana hata Kimegreli hakijui vizuri."

Kisha akamsikia bibi yake analia, analia kwa furaha, na kilio kile kikamfunga Shorena mikono na miguu. Alijiambia atarekebisha baadaye. Baadaye ikawa kiangazi, kiangazi kikaisha, njugu zikavunwa, na sasa bibi alikuwa amemwita mkwe wake mtarajiwa aje aonekane.

Tedo alikubali kwa shingo upande. Njia nzima kutoka Tbilisi, yeye anaendesha, Shorena alikuwa akimhoji kama mwalimu.

"Chumvi?"

"Chumvi ndiyo nini?"

"Wakikupa pilipili ya kusaga?"

"Naomba niongezwe."

"Wakikusalimu?"

"Nife mimi badala yako."

"Usiseme kama unasoma tangazo, Tedo. Sisi tunalisema hilo neno kutoka tumboni. Haya, baba?"

"Wa Poti."

Mara ya kwanza alilijibu hilo akicheka. Mara ya pili alijibu akiwa anatazama barabara. Mara ya mwisho, walipokuwa wanaingia mjini Zugdidi, karibu na kwa bibi, alinyoosha mkono akafungua redio.

Sasa pale mezani, mjomba Bondo alikuwa ameshakolea. Yeye ndiye aliyeongoza glasi siku hiyo, maana katika meza zile mtu hanywi ovyo. Kuna mmoja anayesimama, anasema maneno, ndipo wote wananyanyua. Walikuwa wameshakunywa kwa Mungu, kwa amani, na kwa nyumba. Nanuli akasukuma mbele kibakuli cha pilipili nyekundu iliyosagwa na vitunguu saumu.

"Onja, mkwe. Hii ni ya mkono wa Bibi. Mwaka huu imetulia, mwaka jana ilimtoa daktari wa mifugo machozi."

Tedo akachota ya kutosha kumpaka mtu mgongo mzima. Akaila. Masikio yakamwiva. Akakohoa kidogo ndani ya ngumi, akasema, "Naomba niongezwe."

"Damu!" Bondo akashangilia. "Mama, umeona? Damu haipotei! Mtoto kazaliwa Tbilisi, kakulia Tbilisi, lakini ulimi ni wa Poti!"

"Nimeona," alisema Bibi Lamzira. Alikuwa anamtazama Tedo kwa makini, na uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa, ulianza kulegea. "Mbona unatafutatafuta kwa macho? Unataka nini, mwanangu?"

Shorena alijua anatafuta nini. Mkakheti asipoona mkate mezani huhisi hajaketishwa. Tangu walipokaa macho ya Tedo yalikuwa yanazunguka kwenye jibini ya mnanaa, kwenye bata mzinga wa mchuzi wa jozi, kwenye soseji za pilipili, kwenye vyungu, yakitafuta mkate ambao haukuwepo, kwa sababu penye ghomi mkate wa nini?

"Sitafuti kitu, Bibi," Tedo alijibu taratibu. "Natazama tu. Vitu ni vingi, nahofia kuvikosea adabu."

Bibi Lamzira akamshika shavu. "Nife mimi badala yako," akamwambia. Maneno yale bibi hakumgawia kila mtu.

Bondo alipoona mambo yamenoga akaleta vichekesho. "Mmesikia ya yule Mkakheti aliyeambiwa nyumba yake inaungua? Akasema, ngojeni nimalize glasi, moto una haraka ya wapi!"

Wote wakacheka. Tedo naye alicheka, ila alichelewa. Shorena alikumbuka kwamba kichekesho kile kile aliwahi kukisikia kwa Tedo mwenyewe, na Tedo alikisikia kwa baba yake, aliyependa kuwacheka Wakakheti kuliko mtu yeyote. Lakini yule alikuwa anajicheka. Sasa mtoto wake alikuwa anakaa pale akiwacheka watu wake kama jirani. Shorena alisogeza mguu chini ya meza, ukagusa kiatu chake. Tedo hakuusogeza wake, wala hakumtazama.

"Usiwacheke sana," bibi alisema ghafla, na vicheko vikakatika. "Mimi sina ugomvi nao. Ni watu wakarimu, wana mvinyo, wana mioyo. Lakini walinichukulia mwanangu." Akamgeukia Tedo. "Shorena kakwambia habari za Maguli?"

"Kidogo, Bibi."

"Nilikuwa na mabinti wawili. Maguli, mkubwa, alichukuliwa na Mkakheti. Kijana mzuri, sikumkataa. Baada ya mwaka akaja kunitembelea. Nikampikia ghomi, nikakoroga mwenyewe mpaka bega likauma. Akaonja. Unajua alisema nini? Alisema, Mama, hakuna chumvi?" Bibi akatikisa kichwa. "Mwanangu. Aliyenyonya hapa. Nikasema moyoni, huyu ameshakwenda. Na kweli. Alikuja mara chache, halafu akaugua huko huko, wakamzika huko huko, kati ya watu ambao hata kumlilia kwa lugha yake hawakujua. Mdogo wake, mama yake Shorena, yuko Ugiriki anawauguza wazee wa watu. Nimebaki na huyu." Akamnyooshea Shorena kidole. "Huyu simtoi mbali. Ndiyo maana wewe nimekuombea tangu nilipolisikia jina lako. Sasa niambie, mzee wako kazikwa wapi pale Poti?"

Tedo akaweka glasi chini.

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa nini!" Bondo alidakia. "Tutamwoza binti yetu kwa mtu ambaye baba yake hatujamsalimu? Kesho asubuhi tunakwenda wote. Tunachukua mvinyo, tunachukua kuku, tunakaa naye kaburini, tunamweleza. Ndivyo tunavyofanya watu wa huku. Au Tbilisi mmeshaacha?"

Shorena aliinuka. "Ghomi imepoa. Naleta nyingine," alisema, na kabla mtu hajajibu alikuwa ameshatoka na sufuria mikononi.

Jiko lilikuwa kibanda cha fito upande wa pili wa uwanja, jibini zikining'inia juu ya moto zikikaushwa na moshi. Alisimama pale akikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Hakungoja sana, mlango ukaingiwa giza la mwili wa Tedo.

"Nimesema nakuja kukusaidia kubeba," alisema.

"Tedo, nisikilize..."

"Wewe nisikilize. Tukawaambie sasa hivi."

"Sasa hivi? Umemwona alivyokushika shavu? Umemwona? Nikimwambia sasa, atakufukuza, halafu hatanitazama tena machoni."

"Na kesho je? Kesho tutakuwa Poti tunazunguka makaburini, Shorena. Nitaliinamia la nani? La mtu nisiyemjua? Nitamwambia baba samahani mzee, leo wewe ni huyu?"

"Kesho nitazua jambo. Nitaugua. Nitasema umeitwa kazini, lifti imekwama na watu ndani. Nipe usiku wa leo tu, nimwambie taratibu, tukiwa wawili."

"Ulisema hivyo tangu kiangazi."

Moshi ulimwingia machoni, au ndivyo alivyotaka ionekane. Tedo akasogea, akamshika kifundo cha mkono, akakitoa kile kijiti cha kukorogea kwenye vidole vyake, akakiweka kando. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliisikia harufu ya mvinyo na vitunguu saumu kwenye pumzi yake. Shorena akaegemeza kichwa kifuani pake, na kwa kitambo kifupi hakukuwa na Poti wala Kakheti.

"Nimekula moto kwa ajili yako," Tedo alisema juu ya nywele zake. "Ningekula kila siku, haki ya Mungu. Nitajifunza Kimegreli nikiwa na mvi. Nitakula bila chumvi, bila mkate. Lakini usiniombe zaidi ya hapo."

Na Shorena, kwa woga ule ule uliomjibia simu, akaomba.

"Glasi moja tu. Bondo atanyanyua glasi ya marehemu, atakuuliza jina. Taja jina lolote, unywe, basi. Kwa ajili yangu."

Alihisi kifua cha Tedo kimekuwa kigumu. Tedo akauachia mkono wake, akainua sufuria, akatoka nayo.

Walipoketi tena, Nanuli alikuwa ameleta mkate. Glasi ya marehemu haina budi kuwa na mkate, maana wafu hawanywi kwenye glasi. Wanadondoshewa matone yao juu ya mkate. Kila mtu akachukua kipande. Tedo alikipokea cha kwake kwa mikono miwili, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko wengine.

Bondo akasimama, na mzaha wote ukawa umemtoka usoni. Akamtaja baba yake. Akamtaja dada yake Maguli, na bibi akaitikia kwa sauti ndogo iliyomchoma Shorena mbavuni. Matone mekundu yakaingia kwenye mkate.

"Na leo," Bondo akaendelea, "tuna marehemu mgeni. Baba wa huyu kijana. Shonia wa Poti. Hatukumjua, Mungu atusamehe, lakini kamlea mtu. Jina lake nani, mwanangu? Simama umtaje mwenyewe."

Tedo akasimama. Glasi mkono mmoja, mkate mkono mwingine. Shorena alimwangalia, akimsihi kwa macho, sema Giorgi, sema lolote, sema.

"Baba yangu," Tedo alianza, kwa ule usemi wa polepole wa Kikakheti ambao siku nzima alikuwa akiuficha, "alikuwa mwoka mikate. Mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja, tanuri iliziunguza nywele zote. Alikuwa anajiinamisha ndani ya tanuri mpaka kiunoni kubandika mikate, na mimi mtoto nikimshika miguu nikidhani atatumbukia. Poti hakuwahi kufika. Bahari aliiona kwenye kalenda. Alizaliwa karibu na Gurjaani, amezikwa karibu na Gurjaani, na jina lake lilikuwa Iotam Natroshvili. Pumzika, Baba. Nisamehe nilivyokukawiza."

Akadondosha matone kwenye mkate, akanywa glasi yote.

Uwanjani ng'ombe alikuwa anakwaruza shingo kwenye uzio.

"Natroshvili," alisema Bibi Lamzira.

"Ndiyo, Bibi. Mkakheti. Nimewadanganya ndani ya nyumba yenu, nikala chakula chenu. Kosa ni langu. Samahanini."

Kosa ni langu, alisema. Shorena aliyasikia maneno hayo yakipita mbele yake. Palikuwa na nafasi hapo, ya kutosha kabisa mtu kusimama na kusema hapana, uongo ni wangu mimi. Alifungua mdomo. Bibi alikuwa anamtazama. Akaufunga. Na Tedo, aliyekuwa akiisubiri nafasi ile pamoja naye, akaiona imepita. Akainamisha kichwa kwa heshima, akachukua koti lake kwenye kiti.

"Tapeli," Bondo alisema kwa meno. "Nimemwita marehemu wa uongo mezani kwangu! Mbele ya marehemu dada yangu!"

Bibi Lamzira alikuwa ameshasimama, uso mweupe. "Keti!" alimpigia Tedo kelele. "Sijali wewe ni nani, keti! Hakuna anayeinuka kwenye glasi ya marehemu! Baada ya wafu hunywewa uhai, hunywewa watoto, ndipo mtu anaondoka. Unataka kutoka na mauti begani?"

"Siwezi, Bibi. Hicho kiti mlimwekea Shonia."

Akatoka. Walisikia viatu vyake vikishuka ngazi za mbao.

"Bondo! Nyanyua glasi ya uhai, haraka, kabla hajafika langoni!"

"Mimi? Kwa ajili yake? Mama, mkono wangu hauinuki."

"Bondo!"

"Hauinuki!"

Shorena hakukumbuka baadaye ni saa ngapi aliamua. Alichokumbuka ni glasi, kwamba ilikuwa imejaa, na kwamba alipokuwa akikimbia kwenye majani mvinyo ulikuwa unamwagika ukimteremka mpaka kwenye kiwiko. Tedo alikuwa ameshalifungua lango, gari liko pale nje. Aliposikia jina lake alisimama, lakini hakugeuka.

"Rudi ndani, Shorena. Watakuona."

"Waone." Alikuwa anahema. "Nimekaa kimya. Nimekuacha umebeba mzigo wangu mbele yao, nimekaa tu."

"Nimeona."

"Nipige basi. Nitukane."

Hapo Tedo akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii haikuwa pilipili. "Nikutukane nini? Nakupenda mpaka nakosa usingizi. Lakini niambie mimi nitakupelekaje kwa mama yangu? Nitamwambia huyu hapa ndiye niliyemzika baba mara ya pili kwa ajili yake?"

Nyuma yake Shorena alisikia watu. Bibi Lamzira alikuwa anashuka ngazi akiwa ameshikwa mkono na Nanuli, na Bondo amesimama barazani amekunja mikono. Vizuri. Alitaka wawepo. Akageuka ili wamsikie, akainua ile glasi iliyobaki nusu. Hakuwahi kuongoza glasi maishani mwake, na hakuna aliyewahi kumwomba.

"Uongo ni wangu!" akasema kwa sauti. "Wote. Yeye alikataa tangu kiangazi, mimi nikambembeleza. Bibi, nilikuogopa. Nakupenda na nakuogopa, nikaona rahisi kumfanya mwenzangu aliye yatima akose hata baba aliyekufa." Sauti ilimkatika, akaikusanya. "Sasa nanyanyua glasi ya uhai, kwa sababu Mjomba mkono wake hauinuki. Nanyanyua kwa watoto wangu. Hawajazaliwa bado. Wataitwa Natroshvili. Nitawaambia babu yao alikuwa mwoka mikate asiye na nywele mikononi, na wataringa nalo. Nanywa kwao."

Akanywa, akabakiza kidogo kwenye glasi.

Tedo alikuwa hatikisiki. "Na bibi yako akikataa?" aliuliza kwa sauti ya chini, ya kumfikia yeye tu.

"Nitalia," alisema Shorena. "Lakini watazaliwa."

Hapo ndipo Tedo alipoliachia komeo la lango. Hakumkumbatia, palikuwa na watu. Alishika tu kile kiwiko chake kilichotota mvinyo, akakishika kwa nguvu, na Shorena akajua hatakwenda peke yake, iwe leo au kesho.

Bibi Lamzira alikuwa amewafikia. Kiatu kimoja kilikuwa kimembaki njiani, amesimama na soksi kwenye majani. Shorena akamgeukia akamnyooshea ile glasi kwa mikono miwili.

"Alaverdi kwako, Bibi," akasema.

Hilo ni neno la mezani. Ukiambiwa alaverdi umekabidhiwa glasi, na maneno ya mwenzako ni juu yako kuyamalizia. Kukataa ni kumkatia mtu heri yake katikati. Hata Bondo kule barazani alikunjua mikono.

Bibi akaipokea. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Tedo, kuanzia viatuni kwenda juu, na safari ilikuwa ndefu.

"Natroshvili," alisema tena, akilionja. "Na hao watoto watazungumza nini? Nani atawafundisha Kimegreli? Huyu?" Akamtupia Shorena jicho. "Huyu siku hizi hata mimi ananiamkia kwa lafudhi ya Tbilisi. Au wewe?"

Shorena alimfinya Tedo mkono ili ajibu vizuri, aahidi kitu, apambe. Lakini Mkakheti alikuwa ameshachoka kupamba.

"Mimi siwezi, Bibi," alisema. "Hakuna wa kuwafundisha ila wewe."

Bibi Lamzira akavuta kamasi. Akatazama barabara, akatazama uwanja wake, akatazama soksi yake iliyolowa umande wa majani. Alikuwa na umri ambao watu hawaulizi tena.

"Basi itanibidi niishi," alisema kwa hasira, akaibugia glasi mpaka tone la mwisho.